Nani alianguka ziwani, mimi au dada yangu?

Swali: Habari mtaalamu. Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa akitupeleka likizo kwa mjomba, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni kabisa mwa ziwa, na mbele yake kulikuwa na gati la mbao. Nakumbuka siku niliyoanguka majini. Nilikuwa na miaka mitatu hivi. Najiona nimevaa gauni la njano, nateleza kwenye mbao, halafu niko chini ya maji, nasikia mayowe, namwona mjomba juu yangu, sura yake wazi kabisa, ananyoosha mkono na kunivuta. Nimeishi na kumbukumbu hiyo miaka yote. Juzi tulikuwa tunaongea na dada yangu, anayenizidi miaka miwili, kuhusu nyumba ile ambayo sasa imeuzwa. Akaniambia aliyeanguka ni yeye! Hakumbuki sura ya mtu yeyote. Anakumbuka giza la kijani, kimya, nguo nzito, kisha anakohoa juu ya mbao huku goti likimuuma. Mama hatunaye tena. Mjomba yupo, ila ni mzee. Tunataka kuwaandikia watoto wetu kuhusu siku zile. Nani mkweli kati yetu? Na kwa nini nazikumbuka likizo zile kuliko miaka yote niliyoishi nyumbani kwetu?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hilo linalokusumbua. Hakuna mwongo kati yenu. Mwongo anaujua ukweli na anauficha. Ninyi kila mmoja anasema kile ambacho kichwa chake kimemtunzia. Lakini kama tukio ni moja, aliyeanguka ni mmoja, kwa hiyo mmoja wenu amebeba kumbukumbu ya mwenzake. Jambo hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani.

Mwaka 2001 watafiti Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha uchunguzi kuhusu mapacha watu wazima. Walizichukua jozi 20 za mapacha wa jinsia moja, wakawapa maneno 45, na kwa kila neno pacha alitakiwa kueleza tukio lililomjia. Jozi nyingi zilijikuta na angalau tukio moja ambalo kila pacha alidai ni lake. Katika jozi moja, kila mmoja alikumbuka kwamba yeye ndiye aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kuvaa sketi fupi mno. Jambo hilohilo lilionekana kwa ndugu wasio mapacha waliokaribiana umri, na hata kwa marafiki, ingawa si mara nyingi kama kwa mapacha. Na kuna jambo moja katika uchunguzi huo ambalo nakuomba ulishike, maana tutalirudia: kumbukumbu zilizogombaniwa zilikuwa na picha kali zaidi na hisia nzito zaidi kuliko zile zisizo na ubishi. Mtu huitetea kumbukumbu kwa kusema, "Lakini naiona kabisa!" Kuiona kabisa si ushahidi kwamba ni yako.

Tuangalie umri kwanza. Watu wazima wengi, ukiwauliza jambo la mwanzo kabisa wanalolikumbuka, hutaja kitu cha miaka mitatu na nusu hivi. Si kwamba mtoto mdogo hakumbuki. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kukusimulia safari ya miezi kadhaa iliyopita mpaka ukashangaa. Tatizo ni kwamba kumbukumbu zile hazidumu. Patricia Bauer na Marina Larkina waliwarekodi watoto wa miaka mitatu wakiongea na wazazi wao kuhusu mambo yaliyowapata, kisha wakawauliza tena miaka kadhaa baadaye. Matokeo yalitoka mwaka 2014: watoto waliofikisha miaka 5 hadi 7 bado walikumbuka zaidi ya asilimia 60 ya matukio yale, lakini waliofikisha miaka 8 au 9 walikumbuka chini ya asilimia 40. Yaani usahaulifu huo hauanzi utu uzimani. Unafanya kazi yake mtoto akiwa bado shule ya msingi. Mwaka huohuo kundi la Katherine Akers, Sheena Josselyn na Paul Frankland lilionyesha, kwa kutumia wanyama wa maabara wakiwemo panya, sababu mojawapo: katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayounganisha vipande vya tukio kuwa kumbukumbu moja, seli mpya za neva huzaliwa kwa wingi utotoni, na kuongezeka kwake huvuruga miunganisho iliyokuwepo.

Kwa hesabu ya umri peke yake, dada yako aliyekuwa na miaka mitano ana nafasi kubwa kuliko wewe ya kubaki na kumbukumbu ya siku ile. Lakini umri peke yake hautoshi kuamua. Watu wamewahi kubaki na kumbukumbu za miaka mitatu, hasa za tukio la kutisha, na familia inapozisimulia mara kwa mara huwa zinapona.

Sasa tuingie katika maelezo yenu yenyewe, kwa sababu maji yana tabia zake ambazo haziwezi kubembelezwa, na hapo ndipo mlinipa cha kushika.

Umesema ukiwa chini ya maji ulimwona mjomba juu yako, sura yake wazi kabisa. Jicho la binadamu limeumbwa kuona hewani. Karibu theluthi mbili ya nguvu yake ya kukusanya mwanga inatokana na konea, ile ngozi angavu ya mbele, na konea hufanya kazi kwa sababu mwanga unapinda unapotoka hewani kuingia jichoni. Majini, konea na maji vinakaribiana mno kwa jinsi vinavyopinda mwanga, kwa hiyo nguvu hiyo karibu yote inapotea. Fumbua macho chini ya maji bila miwani ya kuogelea na utaona rangi, mwanga na vivuli, lakini sura ya mtu huitambui. Zaidi ya hapo, aliye chini ya maji tulivu akitazama juu haoni anga lote kama sisi tunavyoliona. Dunia yote ya juu inabanwa ndani ya duara lenye upana wa nyuzi 97 hivi, na nje ya duara hilo uso wa maji unamrudishia rangi ya chini ya ziwa. Kama maji yamechafuka kwa mtu aliyeanguka, duara hilo nalo linavunjikavunjika. Ni kweli wako watoto waliozoea kupiga mbizi wanaoona vizuri zaidi majini. Anna Gislén na wenzake walieleza mwaka 2003 jinsi watoto wa Wamoken, jamii ya wavuvi wa baharini huko Thailand, wanavyoweza kubana mboni zao na kuona kwa ukali mara mbili ya watoto wa Ulaya. Lakini hao wameishi majini. Mtoto wa miaka mitatu aliyeteleza kutoka gatini hana ujuzi huo.

Dada yako anasema giza la kijani. Hilo ndilo jicho huona.

Umesema ulisikia mayowe. Hapa naomba usome polepole. Sauti inayopigwa hewani ikifika kwenye uso wa maji, zaidi ya asilimia 99 ya nishati yake inarudishwa juu. Kinachoingia ni kidogo sana. Aliye chini husikia maji yenyewe, mapigo yake mwenyewe, labda kishindo cha miguu kwenye mbao za gati maana kishindo hupita kwenye nguzo. Kelele za watu zinakufa juu. Na mtu anayezama naye hapigi kelele. Frank Pia, mwokoaji wa Marekani aliyechunguza filamu za watu wanaozama katika miaka ya 1970, alieleza kwamba mdomo wa anayezama hutoka juu ya maji kwa muda mfupi mno, unaotosha kuvuta pumzi tu, na mikono yake inakandamiza maji pembeni badala ya kupunga. Hali hiyo hudumu kwa sekunde 20 hadi 60, kisha mtu anakwenda chini. Kuzama ni kimya. Ndiyo maana watoto huzama hatua chache kutoka kwa watu wazima wanaozungumza.

(Niseme hili pembeni, kwa kuwa mna watoto. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2023, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mkienda nao ziwani, msisubiri kusikia kelele. Mtu mzima mmoja apewe kazi ya kuwatazama tu, bila simu mkononi, na akichoka ampokeze mwingine kwa kumtaja jina.)

Basi mayowe unayoyakumbuka yalisikika wapi? Juu. Aliyeyasikia kwa ukali huo alikuwa na masikio yake hewani. Na dada yako, bila kujua kwamba nitauliza, ametaja kimya.

Tena kuna lile gauni la njano. Umesema "najiona". Mwenye kuanguka haoni mgongo wake wala gauni lake likiteleza; anaona mbao zikimjia au anga likigeuka. Georgia Nigro na Ulric Neisser waliandika mwaka 1983 kuhusu aina mbili za kukumbuka: kuna kumbukumbu tunazoziona kwa macho yetu, jinsi tulivyokuwa tumesimama, na kuna ambazo tunajitazama kutoka nje kama tunavyomtazama mtu mwingine. Za aina hii ya pili huwa nyingi kadiri tukio linavyokuwa la zamani, na hazimaanishi moja kwa moja kwamba tukio halikukupata. Ila zinaonyesha kwamba picha imeshachorwa upya angalau mara moja. Ningekuomba upekue albamu ya familia. Nisingeshangaa ukikuta picha yako, au ya dada yako, mbele ya gati lile, na gauni la njano.

Picha zina nguvu ya ajabu katika jambo hili. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake waliwaonyesha watu wazima 20 picha za utoto wao, na katikati wakaingiza moja ya kutengeneza: mhusika akiwa mtoto, amepanda puto la hewa moto, safari ambayo hakuwahi kuifanya. Baada ya mahojiano matatu, nusu yao walikuwa wameshaikumbuka safari hiyo, kwa ukamilifu au kwa sehemu. Hakuna aliyewalazimisha. Picha iliwapa sura na mahali, vichwa vyao vikajaza upepo, hofu na maneno ya mama.

Na kila unapokumbuka, unaigusa tena. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulainika kwa muda na kuhitaji kuhifadhiwa upya. Wakizuia kutengenezwa kwa protini katika amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, wakati huo, hofu iliyokwisha kukaa inaondoka. Binadamu si panya, lakini picha kubwa inakubaliana na tunayoyaona: kumbukumbu iliyosimuliwa mara nyingi imepitia mikono mingi, na ile iliyokaa kimya kichwani mwa mtu imeguswa kidogo.

Umeniuliza nani mkweli, na sitakukwepa. Kwa maelezo haya, naamini dada yako ndiye aliyeanguka. Kumbukumbu yake ni duni kwa picha, haina sura, haina hadithi, na goti linauma bila sababu. Vitu hivyo vinafanana na mwili uliokuwa majini. Yako ni nzuri mno. Ina mwanzo, ina mwokozi, ina rangi.

Lakini sijamaliza. Naamini pia kwamba wewe ulikuwa palepale gatini. Ulikuwa na miaka mitatu, umeona dada yako akipotea kwenye maji, umesikia mayowe, na huenda aliyeyapiga ni wewe. Ulimwona mjomba akikimbia, ukaona uso wake wazi, kwa sababu ulikuwa umesimama hewani unamtazama akiinama na kunyoosha mkono. Uso ule uliuona kweli. Kilichobadilika ni mahali uliposimama. Mtoto wa miaka mitatu anayeona mtu wake akimezwa na maji anapata hofu iliyo yake mwenyewe, kamili, wala hakuiazima kwa mtu. Baadaye, hadithi iliposimuliwa mezani, hofu ile ilihitaji mtu wa kukaa ndani yake, nawe ukajiweka wewe. Sioni fedheha yoyote katika hilo. Na kama ni sauti yako iliyomfanya mjomba akimbie, dada yako anastahili kujua.

Kuna uwezekano mwingine ambao watu huusahau wakishaanza kubishana: mlianguka nyote, kila mmoja likizo yake. Gati la mbao lenye maji juu yake huteleza kwa kila mtoto. Msiufunge mlango huo kabla hamjamwuliza mjomba.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo nalipenda zaidi. Kwa nini likizo chache zimebaki na miaka ya nyumbani imefutika? Nyumbani kila asubuhi ilifanana na jana yake. Ubongo hautunzi mamia ya asubuhi zinazofanana. Unatunza mpangilio mmoja wa jumla, "tulikuwa tunaamka, tunaoga, tunakwenda", na kuachilia siku mojamoja. Kwa mjomba kila kitu kilikuwa kigeni: kitanda, milango, sauti za usiku, sheria za nyumba, maji yanayocheza dirishani. Mahali papya huamsha hipokampasi kwa namna ya pekee. Mwaka 1971 John O'Keefe na Jonathan Dostrovsky walieleza kuhusu seli zilizomo humo ambazo kila moja huwaka mnyama anapofika sehemu fulani ya chumba, na mwaka 2005 May-Britt Moser na Edvard Moser wakatangaza seli nyingine jirani zinazopima nafasi kwa mpangilio wa gridi. O'Keefe na akina Moser walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Kiungo kilekile kinachochora ramani ya mahali ndicho kinachounganisha tukio na mahali pake. Ndiyo maana mtu anaweza kuitembea nyumba ya utotoni akiwa amefumba macho, chumba kwa chumba, hata kama hawezi kutaja jambo moja lenye tarehe lililotokea humo.

Halafu mlikuwa mnarudi. Kurudi mahali palepale baada ya miezi ni kama mazoezi: kila mara mnapofika, kumbukumbu ya mara iliyopita inaamka na kupata nguvu. Ila kuna gharama yake, na mkiandika mtakutana nayo. Likizo nyingi zinayeyuka kuwa moja. Mtasema "ile siku ya mvua kubwa" na kumbe ni mvua za likizo mbalimbali. Neisser alilionyesha hili mwaka 1981 alipolinganisha ushahidi ambao John Dean, mshauri wa kisheria wa Rais Nixon wa Marekani, aliutoa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti mwaka 1973 na kanda zilizorekodiwa katika ofisi ya rais. Dean aliyakumbuka mazungumzo kwa kina kilichowashangaza watu, lakini kanda zilionyesha kwamba mara nyingi maneno hayakusemwa hivyo wala katika kikao hicho. Hata hivyo, alichokisema kuhusu mambo yaliyokuwa yakiendelea, kwa jumla yake, kilikuwa kweli. Kumbukumbu zenu za ziwani nyingi zitakuwa za aina hii, na mimi nasema ziandikeni bila woga: andikeni "tulikuwa tuna...", si "siku moja nili...", pale ambapo hamna hakika ya siku.

Usishangae pia ukikuta kwamba harufu inakurudisha mbali kuliko picha. Johan Willander na Maria Larsson, mwaka 2006, waliwapa wazee maneno, picha na harufu za kuamsha kumbukumbu. Maneno na picha viliwarudisha zaidi kwenye umri wa miaka 11 hadi 20; harufu iliwarudisha kwenye miaka kumi ya mwanzo. Neva za harufu zinafika kwenye amigdala na maeneo ya kumbukumbu kwa njia fupi, bila kupitia kwanza kituo cha talamasi ambacho milango mingine ya fahamu hukipitia. Maji ya ziwa nayo yana harufu yake hasa: mojawapo ya vinavyoileta ni geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongo na wa majini, ambayo pua ya binadamu huitambua hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Ukisimama ukingoni mwa ziwa lolote lenye maji yasiyo chumvi, huenda ukanusa kitu kilekile ulichonusa ukiwa umelala kifudifudi gatini.

Sasa mfanyeje? Acheni kwanza kuongea kuhusu siku ile. Nasema hivyo kwa msisitizo, maana kila mazungumzo yanachanganya zaidi kumbukumbu zenu. Kila mmoja akae peke yake aandike anachokumbuka, tukio la kuanguka na mengine yote, bila kusoma ya mwenzake. Msianze na tukio. Anzeni na nyumba: choreni ramani yake kwa mkono, mlango ulikuwa wapi, gati lilitokea upande gani, mlilala wapi, nani alilala karibu na ukuta. Ron Fisher na Edward Geiselman, walipobuni katika miaka ya 1980 namna bora ya kuwahoji mashahidi, waliweka jambo hili mwanzoni kabisa: mrudishe shahidi mahali pale kwa mawazo kabla ya kumwuliza kilichotokea. Baadaye mwombe asimulie kutoka mwisho kwenda mwanzo, na umwache aseme hata vitu anavyoviona havina maana. Goti la dada yako ni kitu cha namna hiyo.

Nyumba mtakazozichora zitatofautiana kwa ukubwa, na huenda zote zikaonekana kubwa kuliko nyumba yenyewe ilivyokuwa. Tunaipima dunia kwa mwili tulio nao. Mwaka 2011 Björn van der Hoort, Arvid Guterstam na Henrik Ehrsson waliwafanya watu wahisi kwamba mwili wa mwanasesere mdogo ni wao, na papo hapo vitu vilivyowazunguka vikaonekana vikubwa na mbali zaidi. Kwa mtoto wa miaka mitatu gati lile lilikuwa refu kweli. Liandike hivyo.

Kwenda ziwani kwenyewe kunaweza kusaidia, hata kama ndani ya nyumba hamruhusiwi tena. Mnaweza kuwa mmesikia kuhusu jaribio maarufu la Duncan Godden na Alan Baddeley la mwaka 1975, ambapo wapiga mbizi waliojifunza maneno chini ya maji waliyakumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji. Jaribio hilo liliporudiwa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuwa yaleyale, kwa hiyo msiende mkitegemea kwamba maji yatawamwagia kila kitu. Nendeni mkiwa mmeshaandika, ili mkikumbuka jipya mjue ni jipya.

Lililo la haraka kuliko yote ni mjomba. Ndiye pekee aliyekuwa mtu mzima siku ile na bado yupo, na ni mzee. Msimwendee na ugomvi wenu. Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 jinsi swali linavyoingia ndani ya kumbukumbu: watu walitazama filamu ya magari yakigongana, na waliotajiwa kwamba magari "yalipondana" walisema baada ya wiki moja kwamba waliona vioo vilivyovunjika mara mbili zaidi ya waliotajiwa kwamba "yaligongana". Hakukuwa na kioo kilichovunjika. Mkimwuliza mjomba, "Si mimi uliyenitoa majini?" atawapa mlichokileta. Aende mmoja wenu, au afadhali mtoto wenu mkubwa ambaye hana upande, awashe kinasa sauti cha simu kwa ruhusa yake, amwombe tu asimulie nyumba ile: aliipataje, gati alilijenga nani, watoto walipokuja walikuwa wanacheza wapi. Kisha akae kimya. Wazee wakiachiwa nafasi hufika wenyewe. Asipofika, ndipo aulizwe, "Kuna mtoto yeyote aliyewahi kuanguka majini?", bila jina wala gauni. Na ikitokea anachanganya majina yenu, kama wajomba wote wanavyofanya, asisahihishwe. Jina ni kitu cha mwisho cha kumtegemea, akumbuke kwanza alikuwa anafanya nini aliposhtuka.

Na watoto wenu, mtakapowasomea, waulizeni maswali ya wazi kuhusu likizo zao wenyewe: nini kilitokea, halafu nini, ulihisije. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2009, vijana ambao mama zao walizungumza nao kwa upana kuhusu mambo yaliyopita walipokuwa wadogo, walikuwa na kumbukumbu za umri mdogo zaidi kuliko wenzao. Mama yenu, kwa jinsi mnavyobishana leo juu ya siku ya miaka mitatu na mitano, nadhani alikuwa wa namna hiyo.

Kuhusu ukurasa wa siku ile, msitafute toleo moja la kukubaliana. Yawekeni yote mawili kama yalivyo, lako kwa jina lako na lake kwa jina lake, mkitaja nani alikuwa na umri gani, na yale ambayo kila mmoja anajua aliyasikia kwa mama. Mjomba akisema kitu kinachotofautiana nanyi nyote wawili, kiandikeni nacho, kwa maneno yake na kwa jina lake, chini ya yenu.